Kuondoa Programu za Seva kwa apt: Tathmini Baada ya Kusafisha Mashine ya Debian 12

Seva niliyokabidhiwa imekaa katika chumba cha nyuma cha ofisi moja ndogo mjini Tanga, na kwa miaka kadhaa ilikuwa ikibeba kazi nne kwa pamoja: kuendesha tovuti ya ofisi, kutunza hifadhidata ya wateja, kupokea na kutuma barua pepe, na kuhifadhi faili za wafanyakazi. Tovuti na barua pepe zilikwisha kuhamishiwa kwingine, na uongozi ulitaka mashine ibaki na kazi moja tu ya kuhifadhi faili kwa njia ya Samba, programu ya kushirikishana faili kwenye mtandao. Kila kilichozidi kilipaswa kuondoka, na mipangilio iliyobadilishwa kwa ajili ya huduma hizo irudi kama ilivyokuwa mwanzo. Mfumo uliomo ni Debian 12, toleo la mfumo endeshi wa Linux lililotoka Juni 2023, na chombo nilichotegemea ni apt, amri yake ya kusakinisha na kuondoa programu, pamoja na dpkg inayofanya kazi chini yake. Watu wengi wanaijua apt kwa kusakinisha. Mimi nitaitathmini kwa namna inavyoondoa, kwa sababu hapo ndipo miongozo mingi huishia sentensi mbili na kumwacha msimamizi wa mfumo peke yake.

Programu isiyotumika haili nafasi ya diski pekee. Apache, programu ya kuendesha tovuti, ikisahauliwa huendelea kusikiliza kwenye poti 80 (poti ni mlango wa mtandao), na siku ikigundulika kuwa ina tundu la usalama, hakuna mtu ofisini atakayekumbuka kwamba bado imo. Kabla sijagusa chochote niliendesha amri ya `ss -tlnp`, inayoorodhesha poti zinazosikilizwa, nayo ikaonyesha Apache kwenye poti 80 na 443, Postfix ya barua pepe kwenye 25, MariaDB ya hifadhidata kwenye 3306 ikisikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, SSH ya kuingilia mashine kwa mbali kwenye 22, na Samba kwenye 139 na 445. Niliinakili orodha hiyo kwenye daftari. Mwisho wa kazi ilipaswa kubaki mistari ya SSH na Samba peke yake, na kipimo hicho ndicho nilichokitumia kuhukumu chombo chenyewe.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulielewa ni tofauti ya `apt remove` na `apt purge`. Ya kwanza huondoa programu na kuacha faili zake za usanidi, yaani mipangilio, ndani ya `/etc`. Ya pili huondoa vyote viwili. Ukitumia ya kwanza kisha ukaendesha `dpkg -l`, utaona herufi mbili ndogo mwanzoni mwa mstari, `rc`, badala ya `ii` za kawaida: herufi ya kwanza inaeleza kwamba kifurushi, yaani programu kama Debian inavyoifungasha, kimeagizwa kiondolewe, na ya pili kwamba usanidi wake bado upo. Kwenye mashine hii nilikuta mistari ya namna hiyo kumi na saba, mabaki ya majaribio ya fundi aliyenitangulia. Kuacha usanidi si kosa la utengenezaji, maana mtu akisakinisha tena kesho atakuta mipangilio yake inamsubiri, na kwa kuwa faili za cron, zinazoendesha kazi kwa ratiba, nazo huhesabiwa kuwa usanidi, sera ya Debian inazitaka zinyamaze programu yake inapokuwa haipo. Hata hivyo, kwa anayetaka kurudisha mfumo katika hali yake ya awali, `remove` ni nusu ya kazi. Amri ya `apt list '~c'` huorodhesha mabaki yote ya aina hiyo, na `apt purge '~c'` huyafuta kwa mkupuo mmoja. Alama hizo za kunukuu si pambo. Bila hizo, ganda la amri (shell) linaweza kuitafsiri alama hiyo ya wimbi kwa maana nyingine.

Kinachonifanya niiamini apt ni kwamba inakubali kuulizwa kabla ya kutenda. Ukiongeza `-s`, inakueleza kila itakachokifanya bila kugusa hata faili moja, na kila kifurushi kitakachofutwa pamoja na usanidi wake kinatajwa kwenye mstari wake. Naomba usiuruke mstari hata mmoja wa jibu hilo. Wapo wanaoshangaa kuona kwamba wameomba kuondoa kitu kimoja na mfumo unapendekeza kuongeza kingine. Kifurushi cha php8.2, cha lugha ya PHP inayotumika kwenye tovuti, kwa mfano, kimetangaza kwamba kinahitaji mojawapo ya njia tatu za kuendeshwa: moduli ya Apache, FPM au CGI. Ukiondoa moduli ya Apache peke yake na kuacha php8.2, apt inaweza kukutafutia njia nyingine ili ahadi hiyo isivunjike, na ukabonyeza ndiyo bila kusoma, utakuwa umebadilishana huduma moja na nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa Postfix: ikiwa kuna kifurushi kilichosema kinahitaji kisafirishi cha barua, unaweza kuletewa Exim, ambacho ndicho kisafirishi cha kawaida cha Debian. Dawa yake ni kuvitaja vifurushi vyote vinavyohusiana katika amri moja, kisha kuisoma orodha ya vitakavyoongezwa kwa makini kuliko hata ile ya vitakavyoondolewa.

Baada ya hapo huja `apt autoremove --purge`, inayoondoa vifurushi vilivyoingia kama vitegemezi vya vingine na ambavyo sasa havitegemewi na chochote. Bila neno `--purge`, vitaondoka na kuacha `rc` nyingine nyuma yake. Hapa palitaka uangalifu, kwa sababu apt inajua vifurushi vinavyotegemeana lakini haijui skripti ulizoandika mwenyewe. Kwenye seva hii kulikuwa na skripti ya PHP inayopanga faili zilizochanganuliwa kila usiku, na php8.2-cli inayoiendesha ilikuwa imeingia kwa sababu ya moduli ya Apache. Kwa macho ya apt, ilikuwa yatima. Niliiona katika orodha ya kuondolewa, nikaiwekea alama kwa `apt-mark manual php8.2-cli`, na orodha iliyofuata ikawa haina jina lake. Kama ningekuwa na haraka siku hiyo, faili za ofisi zingeanza kurundikana bila mpango, na pengine ingechukua wiki mtu kugundua.

MariaDB ndiyo iliyonifanya nisimame. Unapoifuta kwa `purge`, kisanduku hujitokeza katikati ya skrini ya bluu na kuuliza kama hifadhidata zote zilizo katika `/var/lib/mysql` zifutwe pia. Kidole changu kilikuwa karibu na kitufe pale mama mhasibu, ambaye meza yake ipo ng'ambo ya mlango, alipoinua kichwa na kuniuliza, “Mwanangu, zile stakabadhi za mwaka juzi zimo humo humo?” Nikamjibu, “Zimo mama, na nitakuonyesha nakala yake kabla sijafuta chochote.” Nakala nilikuwa nimeichukua asubuhi kwa `mariadb-dump --all-databases`, lakini nilikuwa sijaijaribu. Nikajibu hapana katika kisanduku, data ikabaki mahali pake, nikaenda kuirejesha nakala ile kwenye kompyuta yangu ya mkononi, tukafungua pamoja stakabadhi tatu alizozichagua yeye mwenyewe. Saraka ya `/var/lib/mysql` niliifuta siku mbili baadaye kwa mkono wangu. Napenda kwamba swali hilo lipo na kwamba linaulizwa kwa lugha isiyo na utata. Nina wasiwasi nalo pia, kwani anayeendesha amri hizi kwa skripti na kuweka `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive` hataliona kabisa, na jibu litachukuliwa lile lililowekwa na watunzaji wa kifurushi. Kwa mashine yenye hifadhidata, kazi hii ifanywe na mtu aliyekaa mbele ya skrini.

Sasa nifike kwenye mpaka wa chombo hiki, maana hapo ndipo hukumu yangu ilipo. dpkg hutunza katika `/var/lib/dpkg/info` orodha ya kila faili iliyoiweka, na faili hizo inaziondoa kwa uaminifu ambao sijaukuta kwenye visakinishi vingi vya kibiashara. Kile kilichowekwa na mkono wa binadamu haikijui, na kwa makusudi haikigusi. Ilipofika kwenye `/var/www/html` ilinionya kwamba saraka si tupu na kwa hiyo haikuondolewa. Ndani yake mlikuwa na tovuti nzima ya zamani. Akaunti ya www-data nayo hubaki, kwa kuwa ni sehemu ya msingi wa Debian na namba yake ni 33 kila mahali. Akaunti nyingine za huduma mara nyingi huachwa vilevile kwa sababu ya busara: ukiifuta akaunti na kuacha faili zake, namba ile inaweza kupewa akaunti mpya baadaye, na akaunti hiyo ikarithi faili zisizo zake. Nakubaliana na uamuzi huo. Ila ina maana kwamba `purge` haitoi ahadi ya kuirudisha mashine ilivyokuwa, na anayedhani inatoa atakuwa amejidanganya.

Mabaki ya mkono wa binadamu niliyakuta sehemu tatu zaidi. Kwanza, fundi aliyetangulia alikuwa ameongeza mipangilio ya MariaDB kwa `systemctl edit`, ambayo huandikwa ndani ya `/etc/systemd/system/mariadb.service.d`. Amri ya `systemd-delta` huonyesha nyongeza zote za namna hiyo, na `systemctl revert mariadb` huirudisha huduma kama ilivyotoka kwa watengenezaji. Ni vizuri kuifanya kabla ya kuondoa kifurushi chenyewe, wakati nakala ya asili bado ipo ya kurudia. Pili, kulikuwa na faili katika `/etc/sysctl.d` iliyoshusha `vm.swappiness`, kipimo cha wepesi wa mfumo kuhamisha kumbukumbu kwenda diski, kutoka 60 ya kawaida hadi 10. Niliifuta, nikaendesha `sysctl --system`, na thamani ikabaki 10. Wengi huchanganyikiwa hapa, na inafaa ielezwe taratibu: amri ile husoma faili zilizopo na kutekeleza yaliyoandikwa humo, wala haikumbuki thamani ya asili ya jambo ambalo halimo tena. Ni lazima uirudishe wewe kwa `sysctl -w vm.swappiness=60` au uwashe mashine upya. Tatu ni ukuta wa kinga wa ufw. Kanuni iliyowekwa kwa jina la programu badala ya namba ya poti ifutwe kabla ya programu kuondoka, kwa sababu wasifu wenye jina hilo ukishafutwa pamoja na kifurushi, ufw haitalitambua jina hilo tena ilhali poti itabaki wazi. Nikikosa kufanya hivyo hutumia `ufw status numbered` na kufuta kuanzia kanuni yenye namba kubwa kuliko zote kurudi kwenye ndogo, kwani kila ukifuta moja, zinazofuata hubadilika namba.

Kurudisha mipangilio ya vifurushi vinavyobaki ni kazi nyingine kabisa, na vyombo vya Debian vinastahili sifa hapa. Programu ndogo ya debsums, ukiiendesha kwa `debsums -ce`, hukutajia faili za usanidi ambazo hazifanani tena na zilivyokuja. Kwa kila moja nilikipakua kifurushi chake kwa `apt download`, nikakifungua kwa `dpkg-deb -x` ndani ya saraka ya muda, nikalinganisha mstari kwa mstari kwa `diff`. Hakuna kubahatisha, nakala ya asili iko mbele yako. Tahadhari moja: si kila faili inapitia njia hii. Usanidi wa SSH katika `/etc/ssh/sshd_config` husimamiwa na chombo kiitwacho ucf, kwa hiyo debsums haikuitaja ingawa ilikuwa imebadilishwa sehemu nne. Nakala yake ya asili ipo katika `/usr/share/openssh/sshd_config`. Unapoirudisha, jaribu kwanza kwa `sshd -t`, na usifunge kidirisha ulichoingilia mpaka uhakikishe kwamba kingine kipya kinafunguka. Ofisi hiyo iko mbali na ninapoishi, na sikutaka kulipa nauli ya basi kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mashine nyingine, nilifanya kosa ambalo bado naliona likirudiwa na vijana ninaofanya nao kazi. Nilikuwa nimeivuruga Apache, nikafuta saraka ya `/etc/apache2` kwa `rm -rf`, nikidhani kusakinisha upya kutaleta kila kitu. Haikuleta. dpkg ilikuwa inaheshimu uamuzi wangu: kwa utaratibu wake, faili ya usanidi iliyofutwa na msimamizi imefutwa kwa makusudi, na haina haki ya kuirudisha. Nilihangaika usiku mzima kabla ya kujua kwamba kuna chaguo la `--force-confmiss`, linalopitishwa kwa apt namna hii: `apt install --reinstall -o Dpkg::Options::="--force-confmiss" apache2`. Naliandika hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya yeyote aliye katika usiku kama ule.

Chombo ambacho kingenipunguzia zaidi ya nusu ya kazi ni etckeeper, iliyoandikwa na Joey Hess. Hufanya `/etc` yote kuwa hazina ya git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya faili, hurekodi hali yake kabla na baada ya kila safari ya apt, na huongeza rekodi ya mabadiliko mengine kila siku. Huhifadhi pia ruhusa na umiliki wa faili, mambo ambayo git yenyewe haiyatunzi. Ndiyo maana ukirudisha faili ya zamani kwa `git checkout` unapaswa kuendesha `etckeeper init` ili ruhusa nazo zirudi. Niliisakinisha kabla ya kuondoa chochote, na kila hatua niliyoieleza imo humo ikiwa na tarehe yake. Lakini ilianza kukumbuka siku niliyoiweka. Yaliyofanywa na fundi aliyetangulia ilibidi niyachimbue kwa njia ndefu ya debsums na diff, kwa sababu tu hakuna aliyetumia dakika mbili kuiweka siku mashine iliposakinishwa. Pia etckeeper haiangalii saraka za `/var` wala `/usr/local`, na ndani ya hazina yake ya git mna `/etc/shadow`, faili ya nywila zilizofichwa, hivyo isinakiliwe mahali ambapo watu wengine wanaweza kuisoma.

Upungufu mkubwa wa apt ya Debian 12, ambayo ni ya mfululizo wa 2.6, ni kwamba haina amri ya kutendua. Aliyezoea Fedora, mfumo mwingine wa Linux, ana `dnf history undo`, ambayo huchukua shughuli moja nzima na kuigeuza. Huku tunayo kumbukumbu ya `/var/log/apt/history.log`, inayoandika amri iliyotolewa, vifurushi vilivyoingia na vilivyotoka, na saa ya kuanza na kumaliza. Ni kumbukumbu nzuri, ila kuigeuza ni kazi ya mkono. Zaidi ya hayo, faili hiyo huzungushwa kila mwezi na kutunzwa kwa mizunguko 12, kwa hiyo usakinishaji wa miaka mitatu iliyopita haumo tena. Nilitaka kujua Postfix iliingia lini na ilikuja na nini, nikakuta ukurasa huo umekwisha kufutwa. Ningependa kuona watunzaji wa seva wakiongeza idadi hiyo katika `/etc/logrotate.d/apt`; maandishi hayo ni madogo sana kulinganisha na thamani yake.

Kwa upande wa gharama, chombo ni cha bure, na kuondoa hakuhitaji intaneti hata kidogo. Ofisini pale mtandao ulikatika tangu saa nne asubuhi hadi alasiri, na sehemu kubwa ya kazi iliendelea bila kusita. Nilisubiri kwa ajili ya `apt download` peke yake.

Ninaipa apt nyota nne kati ya tano kwa kazi hii, na etckeeper tano. Nilimaliza kwa kuwasha mashine upya, kwa sababu huduma iliyozimwa kwa mkono inaweza kuamka baada ya kuwashwa, na nikaendesha tena `ss -tlnp`. Zilibaki 22, 139 na 445. Mama mhasibu alifungua folda yake ya Samba, akaitazama kidogo, akaendelea na hesabu zake. Tovuti ya zamani iliyokuwa katika `/var/www/html` niliifunga kwenye faili moja ya kumbukumbu, nikaiweka kwenye diski ya nje, na kuikabidhi kwa mkuu wa ofisi pamoja na orodha ya akaunti zilizobaki katika mfumo na sababu ya kila moja kubaki.